Mtani wa Bwawa la Mkonge

Jenifa alikuwa na sifa moja pale kambini: adabu. Akikutana na mtu mzima njiani hampiti hivi hivi. Atatua ndoo chini, atapiga goti, atasema shikamoo kwa sauti ya kusikika, na atangoja aitikiwe ndipo ainue ndoo yake tena. Hata ukiwa upande wa pili wa barabara ya Pangani na bodaboda zinapita kwa fujo, atavuka aje akuamkie. Mama Robert, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, alizoea kuwaambia wanawe, "Mtazameni Jenifa. Mmezaliwa kambi moja, mmekunywa maji ya bomba moja, ninyi mmekuwa nyani, mwenzenu kawa mtu."

Mdogo wake Jenifa, Queen, wa miaka saba, alikuwa miongoni mwa hao nyani. Huyo alimwuliza katekista mbele ya watu kwa nini kanzu yake imemwacha miguu nje, kama imekatwa na panya. Mdomo wake haukuwa na mlango.

Watoto hao walilelewa na bibi yao, Beatrisi. Mama yao alikuwa akiuza vitambaa mjini, Ngamiani, dukani kwa Nurbanu, na alirudi Jumamosi jioni na mkate wa mchele, sukari, na mabaki ya vitambaa ambayo bibi aliyashona mito. Baba yao walikuwa wameshamzika. Bibi Beatrisi alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa kiuno, magoti yamemvimba kama maboga, na shingoni ana kovu jekundu la mahali alipokatwa tezi. Tangu akatwe, sauti yake haikurudi. Alinong'ona tu. Ukitaka kumsikia ilikubidi uiname mpaka sikio lako liguse kilemba chake, na ukisogea hapo unapata harufu ya mafuta ya nazi na karafuu.

Jumamosi moja, adhuhuri, Jenifa alikuwa akichambua mchicha barazani na bibi akipepeta mchele, Mama Robert akaja anakimbia. Mama Robert si mtu wa kukimbia. Kanga yake ya juu alikuwa ameishika mkononi.

"Queen," akasema, na pumzi haimtoshi. "Kule kwenye mapera. Kainama kunawa mikono, maji yamemfunika. Hakupiga hata kelele, jamani. Hata kelele."

Bibi aliweka ungo chini polepole, mchele usimwagike. Akamwonyesha Mama Robert barabara kwa kidole, akaite wanaume. Mama Robert akaondoka mbio. Bibi akachukua fimbo yake, akamshika Jenifa mkono, wakashika njia ya kiwandani.

Bwawa lenyewe liko nyuma ya kiwanda cha zamani cha mkonge, kiwanda ambacho sasa kimebaki mabati na kutu. Zamani za kazi, maji yote ya kuoshea singa, zile nyuzi za mkonge, yalimwagwa pale pamoja na maganda na takataka za majani, mwaka hata mwaka, mpaka chini pakawa na tope ambalo hakuna aliyewahi kuufikia mwisho wake. Maji yake ni ya kijani kilichokaribia weusi. Yananuka uchachu kama togwa iliyosahauliwa chunguni. Pembeni kuna mipera, na mapera ya pale ni matamu kuliko ya mahali pengine popote. Ndiyo taabu yenyewe.

Na humo bwawani mnaishi jitu. Kambi nzima waliojua ni ukoo mmoja tu.

Babu yake Beatrisi aliitwa Tadeo. Aliletwa kukata mkonge enzi za manamba, vibarua wa mkataba, kutoka bara huko, kando ya ziwa. Wenzake wa kabila moja wengine walitoroka, wengine homa iliwamaliza, akabaki yeye na mkewe. Alipofiwa na mtoto wake wa kwanza hakuwa na mtani. Makabila mengine yote pale kambini yalikuwa na watani wao. Mtu akifa, watani huja wakachimba kaburi, wakaiba kuku, wakamtania marehemu mpaka wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Tadeo alikwenda na jembe lake peke yake. Yuko katikati ya kuchimba, likatoka jitu bwawani, refu, mwili mzima singa zinaning'inia, likamnyang'anya jembe likachimba kaburi mpaka likaisha. Halafu likalala humo humo, likasema halitoki mpaka lipewe tumbaku. Tadeo, na uchungu wote aliokuwa nao, akaliambia, "Toka humo, Mandevu. Mwanangu hawezi kulala mahali ulipoacha chawa wako." Jitu likacheka. Tangu siku hiyo ukawa utani.

Na utani una sheria. Mtani hamkasirikii mtani wake, na cha mtani huchukuliwa bila kuomba. Mandevu alikuwa na tabia mbaya ya kupakata watu wanaoinama juu ya maji yake. Akishampakata mtu, huyo mtu hafi papo hapo. Hulala kama mtoto mgongoni kwa mamaye, mpaka jua lizame. Likizama, basi. Lakini akija mtu wa ukoo wa Tadeo akasimama ukingoni akamtania, Mandevu hana budi kucheka, na akicheka mikono yake huishiwa nguvu, kilichomo kikaponyoka. Tadeo alitoa watu namna hiyo. Mwanawe alitoa watu. Beatrisi mwenyewe, kabla ya kukatwa tezi, alimtoa nyapara mzima na baiskeli yake, na watu wakabaki kusema nyapara kumbe anajua kuogelea.

Mama yao Jenifa hakuyataka hayo. Alisema watoto wake watakua na sala na shule, basi. Bibi alinyamaza, kwa kuwa watoto wana mama yao.

Hivyo siku ile ndipo Jenifa alipoambiwa, njiani, kwa mnong'ono, bibi akivuta pumzi kati ya neno na neno. Hakuuliza kama ni kweli. Mkono wa bibi haukutetemeka hata kidogo, na hilo lilimtosha.

"Sauti yangu haimfiki," bibi akasema. "Wewe unayo. Mtukane."

"Mimi?"

"Mtukane mpaka acheke."

"Bibi, mimi sijui kutukana."

"Kila mtu anajua. Wewe umezoea kunyamaza tu. Sema nyuma yangu. Mandevu, fundi godoro anakutafuta."

"Mandevu, fundi godoro anakutafuta."

"Anataka hizo ndevu ajazie kitanda cha mbwa wake."

"Anataka hizo ndevu," Jenifa akasema, "ajazie... samahani, bibi."

"Usiseme samahani. Ukimwomba radhi mtani umemtukana kweli. Endelea. Ulipozaliwa mkunga alidai fidia."

Jenifa akarudia. Akarudia tena na tena, midomo inamkauka, wakipita kati ya mistari ya mkonge ambao haujakatwa, miiba inamshika gauni. Kila alipokosea bibi alimfinya kiganja. Walipofika kwenye mipera alikuwa ameyakariri yote kama wimbo wa kwaya.

Ukingoni kulikuwa na kandambili za Queen, zimepangwa vizuri, na mapera matatu ndani ya kofia yake. Maji yalikuwa yametulia.

Bibi alipiga maji kwa fimbo.

Yalipanda kama godoro linaloinuliwa upande mmoja. Yakapasuka, na Mandevu akasimama humo, maji yanamfika kiunoni. Bibi alikuwa amemweleza Jenifa habari za jitu, naye njia nzima alikuwa amejiandaa kuona meno, kucha, macho ya moto. Alichokiona ni mtu mzee. Mzee sana. Singa zilimwanguka kichwani na kidevuni, nyeupe, zimechanwa kama zinaandaliwa kwenda bandarini. Mgongo ulikuwa umepinda. Macho yake yalikuwa na ukungu, yamefinywa na jua, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini na wageni. Na kifuani amempakata Queen, amelala, kidole gumba kinywani.

Magoti ya Jenifa yaliinama yenyewe. Hakuyatuma.

"Shikamoo," akasema.

Bibi alimdaka bega, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Uso mkubwa wa Mandevu ulihangaika kama wa mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali zamani. Wakati wote aliokaa humo watu walikuwa wamempigia mayowe, wamemrushia mawe, wamemtania. Aliyemwamkia hajatokea.

"Marahaba," akasema mwishowe. Sauti yake ilitoka taratibu, nzito. "Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo," akajibu Jenifa. Naye atajibu nini.

"Kumbe nina wajukuu." Alimtazama Queen kifuani, akamfuta tope shavuni kwa kidole kimoja. "Na huyu mdogo wako ni mjukuu wangu pia, basi. Nilidhani nimeokota tu mtoto."

"Sema," bibi akanong'ona. "Sema, sema."

"Mandevu," Jenifa akaanza. "Fundi godoro anakutafuta."

"Lugha gani hiyo kwa babu yako?" Hakufoka. Alisema kwa masikitiko, kama mzee yeyote. Jenifa akainamisha kichwa, na yale yote aliyoyakariri yakayeyuka. Alijaribu tena, lile la mkunga, likatoka kama sala. Mandevu hakucheka. Aliyemwamkia amekuwa mjukuu, si mtani tena, na mjukuu hawezi kumnyang'anya babu. Hilo hata yeye Jenifa alilijua bila kuambiwa.

Akaanza kulia. "Babu, nakuomba mdogo wangu."

"Kuomba ni haki yako, mama. Na mimi naweza kukuambia ngoja. Wajukuu huletwa kwa babu zao wakae, wamchotee maji, wamwondolee upweke. Atakaa mpaka likizo iishe."

"Likizo gani?"

"Ya kwangu ni ndefu," akasema Mandevu.

Jua lilikuwa limeanza kuinama upande wa kiwanda. Barabarani, mbali, walisikia wanaume wakiitana, wanakuja na kamba na miti, kama walivyokuja kila mara bila kumpata mtu.

Bibi Beatrisi alikaa chini kwenye majani. Akavua viatu vyake vya raba, akavipanga karibu na kandambili za Queen. Akafungua kanga ya juu, akaikunja mara mbili, akaikunja tena, akampa Jenifa pamoja na fimbo.

"Unakwenda wapi, bibi?"

"Kwa mtani wangu. Mimi sijamwamkia."

"Huwezi kuogelea, bibi. Na hayo magoti."

"Nani kakuambia nakwenda kuogelea? Nakwenda kusema neno. Ukimwona mdogo wako anakuja, mvute kwa fimbo. Usinitazame mimi, tazama mtoto. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na usilie puani, unaniharibia utani."

Akaingia. Tope lilimpokea mguu mmoja, halafu wa pili, na kila hatua ilimchukua chini zaidi. Maji yalimfika mapajani, yakamfika kiunoni, gauni likapuliza juu kama puto kisha likalowa.

"Beatrisi," Mandevu akasema. "Rudi. Tope hilo si la umri wako."

Bibi akaenda tu.

"Beatrisi, nakwambia rudi. Wewe mwanamke hujawahi kusikia."

Maji yalikuwa kifuani alipomfikia. Alinyoosha mkono akazikamata zile ndevu, akazivuta kwa nguvu, kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda sokoni, mpaka sikio la Mandevu likashuka usawa wa mdomo wake. Akanong'ona. Jenifa hakusikia hata neno. Aliona tu kovu la shingoni likipanda na kushuka.

Mandevu akatulia. Kisha mabega yakaanza kutikisika.

Kicheko chake kilianzia chini, maji yakachemka viputo, ndege wakaruka kutoka kwenye mipera yote kwa pamoja, mabati ya kiwanda yakagongana. Alicheka kichwa amekirusha nyuma. Mikono ikamlegea ikaanguka pembeni, na Queen akaponyoka, akaelea. Bibi akamsukuma. Akamsukuma tena. Jenifa aliingia majini mpaka magotini, akamnasa mdogo wake ukosi wa gauni kwa ncha ya fimbo, akamvuta, akambeba, akamlaza kifudifudi juu ya majani akampiga mgongoni kama alivyoona watu wakifanya. Maji meusi yakatoka. Queen akakohoa, akatapika mapera, akalia.

Jenifa hakumtazama bibi, kama alivyoagizwa. Alimtazama mtoto. Aligeuka pale tu Queen alipolia.

Maji yalikuwa kidevuni mwa bibi. Tope lilikuwa limemshika na halikuwa na haraka. Bibi alinyoosha mkono kwa Mandevu, na Mandevu akampa wake. Lakini alikuwa bado anacheka. Vidole vyake vilikuwa kama kamba mbichi. Vilimgusa bibi, vikamzunguka kiganja, vikashindwa kufumba. Akaleta mkono wa pili. Nao vivyo hivyo. "Beatrisi, ngoja," akawa anasema, kicheko kinamkata maneno, machozi yanamchuruzika ndevuni, "ngoja, nishike wewe, mimi siwezi, nishike wewe, mama, ngoja nimalize kucheka." Bibi alimshika. Mkono wa mwanamke mzee, una mafuta ya nazi, una tope. Uliteleza.

Kicheko kilipokwisha, juu ya maji hapakuwa na kitu.

Mandevu alizama. Alirudi naye amempakata, na safari hii mikono yake ilikuwa migumu kama miti. Akaja naye mpaka ukingoni, akamlaza karibu na viatu vyake. Jenifa alimkunjulia bibi yake ile kanga akamfunika.

"Nilikuwa nacheka," Mandevu akasema. Akakaa hapo amejikunja, anasema hilo hilo. "Mjukuu, nilikuwa nacheka." Hakuondoka mpaka sauti za wanaume zilipofika kwenye mipera.

Walimzika Beatrisi Jumatatu. Mama yao aliketi mkekani kati ya Jenifa na Queen, anashika pindo la gauni la huyu na pindo la gauni la yule. Kila mtu aliyekuja aliambiwa kwamba bibi alizama akimwokoa mjukuu wake, na huo ulikuwa ukweli. Watu wazima waliingia mmoja mmoja, na Jenifa hakumwamkia hata mmoja. Walisema ni msiba, mwacheni. Queen naye, mwenye mdomo usio na mlango, hakuwa amesema kitu tangu aamke.

Pale makaburini akaja mzee mmoja mrefu, amejifunga gunia kiunoni, kichwani amejifunika gunia jingine mpaka machoni. Alinuka mkonge, lakini nani pale hanuki mkonge. "Mtani huyo," wakaambiana. "Wa kambi gani? Basi mpisheni mtani." Wakampisha. Mama yake Jenifa alimtazama mara moja akageuza uso, asimfukuze.

Mandevu alijitahidi. Aliingia kaburini akalala, kama desturi. "Sitoki," akasema. "Huyu bibi mchoyo. Hii nafasi aliniahidi mimi." Watu wakatabasamu, wakangoja. "Magoti yake," akaendelea, "magoti yake yalikuwa," na hapo akakwama. Hakulimalizia. Mtani haruhusiwi kulia msibani, ndiyo kazi yake hiyo, asilie, na yeye alikuwa amelala chali kaburini gunia limemfunika uso na kifua kinapanda na kushuka. Watu wakatazamana. Katekista akakohoa, akafungua kitabu chake, akakifunga.

Jenifa akasogea ukingoni akachuchumaa. Udongo mwekundu ulimwagika kidogo ndani.

"Babu," akasema. "Mjukuu ana haki ya kuomba."

"Anayo."

"Bibi alikuambia nini?"

Mandevu alijibu chini chini, kama alivyonong'onezwa na bibi, na Jenifa ilimbidi ainame sana.

"Alisema, umemsikia yule binti alivyokuamkia? Kama yeye ni mjukuu wako, basi mimi ni mkeo. Na siku zote hizi umeniacha nimeolewa na mwanamume mwingine, nimezaa, nimekuwa mjane, wewe umekaa majini unafuga ndevu. Hata robo ya sukari hujawahi kuleta. Leo nimekuja kwangu. Sogea huko, nipate mahali pa kulala."

Jenifa alisikia neno moja moja. Alijua ni la kuchekesha. Alijua vilevile kwamba bila shikamoo yake lisingepatikana la kusema, na Queen asingetoka. Na kwamba bila shikamoo yake bibi asingekuwa na haja ya kuingia majini. Vyote viwili vilikuwa kweli, havikusukumana. Alifumbua mdomo, na kilichotoka hakikuwa kicheko.

Mandevu naye hakucheka. Alisema yote yale mpaka neno la mwisho, na uso wake ulikuwa uleule.

Akatoka kaburini bila kudai kitu. Wanaume wanne walikuwa wameshika kamba, wawili huku na wawili huku, jeneza liko katikati. Yeye akasimama upande wa kichwani, akapitisha mikono chini ya ubao, akashuka nalo, akalilaza, akapanda akaenda zake.

Baadaye, wakinawa mikono pale bombani, wale wanaume waliulizana ni nani aliyebeba uzito wa jeneza, kwa sababu kila mmoja alisema kamba yake ilikuwa imelegea mwanzo mpaka mwisho.